Mgeni Njoo, Tutoke Nje

Kwa miaka mitatu Kiswahili changu kilikuwa lugha ya ndani ya nyumba. Nilikizungumza jikoni na mama mdogo, nilikizungumza kwenye simu na watu wa Bujumbura, na usiku nilikisoma kitandani. Nikifungua mlango wa mbele nilikiacha hapo pamoja na kandambili, nikavaa buti na kutoka na Kifaransa au Kiingereza, kwa sababu hapa Ottawa hizo ndizo lugha za basi, za dukani na za chuoni. Majira ya baridi niliyajua kwa lugha hizo mbili. Maneno "theluji" na "barafu" nilikuwa nayo tangu shuleni, lakini sikuwahi kusimama nje na mtu nikamwambia, "Hebu tazama theluji hii."

Hayo yalibadilika mwezi Februari, nilipopata mgeni.

Mgeni mwenyewe ni rafiki yangu tangu tukiwa watoto. Tulikulia Buyenzi, sehemu ya Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya barabarani, tukasoma madrasa moja na kucheza mpira uwanja mmoja. Siku hizi yeye anasoma Dar es Salaam. Alikuwa amekuja Montreal kwenye mkutano wa wanafunzi, na ulipomalizika akapanda basi, mwendo wa kilomita 200 hivi, akaja kukaa kwetu siku nane.

Nilifurahi sana kumwona, lakini kulikuwa na jambo kati yetu ambalo halikuwa limekwisha. Baba yake alifariki mwaka mmoja kabla. Yule mzee ndiye aliyetufundisha sote wawili kuogelea katika Ziwa Tanganyika, Jumapili baada ya Jumapili, akitushika mgongoni na kutuambia tuyaachie maji uzito wetu. Habari za msiba zilinifikia kwenye simu nikiwa maktaba. Nauli haikuwapo, mitihani ilikuwa wiki ile ile, na maziko, kama ilivyo desturi yetu, yalifanyika siku hiyo hiyo. Nilituma ujumbe wa rambirambi, kisha nikapiga simu, naye akajibu, "Ahsante, ndugu yangu, tumeshapoa." Kila nilipopiga baada ya hapo jibu lilikuwa hilo hilo. Kwetu pole haitoshi kutumwa. Mtu huenda kuhani, akakaa mkekani pamoja na wafiwa, hata kama hana la kusema. Mimi sikuwa nimekaa kwenye mkeka ule.

Siku mbili za kwanza tulikaa ndani. Nje kulikuwa na nyuzi 19 chini ya sifuri, na mgeni alitazama dirishani kama mtu anayetazama moto wa jirani. Mama mdogo alipika wali, maharage na dagaa wa Kigoma aliokuja nao mgeni mwenyewe. Jioni ya pili, tukiwa sebuleni, nikajaribu. Nikasema, "Kuhusu mzee, ndugu yangu..." Televisheni ilikuwa inazungumza, watoto wa mama mdogo wanagombania rimoti, chai inamiminwa. Akanijibu, "Tumeshapoa," akapokea kikombe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usiku wa kuamkia siku ya tatu theluji ilianguka mpaka ikafika magotini. Jembe hatuna, lakini gari la mama mdogo lilikuwa limefukiwa na mabeleshi mawili yalikuwa kibarazani. Nikamvalisha mgeni wangu: fulana ya sufu iliyobana mwili, sweta, koti, suruali mbili, glavu, kofia ya kufunika masikio. Fulana yake ya pamba nilimkataza, na nikamweleza sababu. Pamba hunywa jasho na kulishikilia. Ukisimama kupumzika, jasho lile hupoa na kukutoa joto mwilini. Sufu hata ikilowa bado inahifadhi joto. Mtu hashindani na baridi kwa koti moja nene, bali kwa nguo kadhaa nyepesi anazoweza kuzivua moja moja kadiri mwili unavyopata moto.

Tukatoka. Alivuta pumzi ya kwanza akashika pua, kwa sababu vinyweleo vya ndani vilikuwa vimeganda. Kisha akazamisha beleshi, akalinyanyua, na akashangaa kwa wepesi wake. "Hii ni unga wa muhogo," akasema. Tulipofika mwisho wa njia ya gari, pale ambapo greda la jiji lilikuwa limepita na kusukumia theluji ya barabarani, akazamisha tena, na mara hii beleshi likagoma kunyanyuka. "Kumbe si moja!" akasema. Basi tukaanza kuzipa majina. Ile ya juu tukaiita theluji unga. Ile ya greda, nzito na chafu, tukaiita theluji tope. Ile iliyokanyagwa njiani mpaka ikawa ngumu na kung'aa tukaiita theluji sakafu, na tukakubaliana kwamba hiyo ndiyo ya kuogopwa. Baada ya robo saa alikuwa amefungua zipu ya koti na kofia iko mfukoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi katika baridi huku nikicheka kwa Kiswahili. Jirani yetu alitusalimia kwa Kifaransa, tukamjibu, tukarudi kwenye yetu.

Kesho yake nikampeleka kwenye Mfereji wa Rideau. Mfereji huu ulichimbwa kati ya mwaka 1826 na 1832 chini ya usimamizi wa Luteni Kanali John By, mhandisi wa jeshi la Uingereza, na unaunganisha Ottawa na Kingston kwa njia ya maji yenye urefu wa kilomita 202. Mwaka 2007 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wakati wa kiangazi hupitwa na mashua. Ikifika vuli kina cha maji hupunguzwa, baridi inafanya kazi yake, na tangu mwaka 1971 sehemu ya kilomita 7.8 inayopita katikati ya jiji hufunguliwa kwa watu kuteleza juu ya barafu. Kiingilio hakuna. Anayekosa viatu hukodi hapo hapo. Utamwona bibi wa miaka sabini anapita kama upepo, mfanyakazi anakwenda ofisini na mkoba mgongoni, na mtoto mdogo anaburutwa na baba yake kwenye kitoroli cha kutelezesha.

Mgeni wangu alisimama kwenye ngazi, akakataa kushuka. Aliuliza swali ambalo kila mtu wa ziwani angeuliza: chini kuna maji? Nikamwambia yapo. Maji yana tabia ya pekee. Yakipoa mpaka kufikia nyuzi 4 huwa mazito kuliko wakati wowote, yakazama. Yakizidi kupoa huwa mepesi na kupanda juu. Ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu, na chini samaki wanaendelea na maisha yao. Nikamwonyesha bendera. Wakaguzi hupima barafu, na hawaifungui mpaka ifikie unene wa sentimita 30 hivi na iwe imara. Ikiwa salama hupandishwa bendera ya kijani, ikiwa si salama huwekwa nyekundu. Usiku mafundi hutoboa matundu, wakavuta maji ya chini na kuyamwaga juu ili yagande na kuwa laini tena. "Kwa hiyo kuna watu wasiolala ili wengine wacheze," akasema. Nadhani hilo ndilo lililomshusha ngazi, zaidi ya habari za nyuzi na sentimita.

Katika Kiswahili kuteleza si jambo la kutamani. Njia inateleza, ulimi unateleza, mtu anateleza na kupata aibu. Rafiki yangu alifunga viatu vyenye makali ya chuma, akasimama, akapiga hatua mbili na kukaa chini kwa kishindo. Akabaki pale pale, ameyakunja magoti, akasema, "Waliosema kuteleza si kuanguka hawakufika huku." Nilicheka mpaka nami nikaanguka karibu yake. Mtoto wa kama miaka mitano akatuzunguka mara mbili, akitutazama kwa huruma.

Nikamwinua na kumfundisha kama nilivyofundishwa: kunja magoti, usitazame miguu, sukuma kwa pembeni wala si kwa nyuma. Akawa bado amekakamaa kama mlingoti. Nikamshika mgongoni kwa mkono mmoja, na maneno yakanitoka bila kuyatafuta: "Usiogope. Iachie barafu uzito wako."

Akageuka kunitazama. "Hayo ni ya mzee," akasema.

"Ndiyo."

Hakuongeza neno, wala mimi. Lakini magoti yakalegea, na tukasogea mita kumi, kisha hamsini, mkono wangu ukiwa bado mgongoni mwake. Mwisho wa safari tukanunua BeaverTails, andazi refu na bapa, lenye umbo la mkia wa biva, yule mnyama wa mtoni anayejenga mabwawa. Linakaangwa kwenye mafuta na kunyunyiziwa sukari na mdalasini. Mgeni wangu akalichunguza, akatoa hukumu kwamba ni andazi lililokanyagwa na gari, kisha akaagiza la pili.

Siku ya sita ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Mama mdogo alitushusha asubuhi Gatineau Park, ng'ambo ya Mto Ottawa upande wa Quebec, hifadhi ya misitu na vilima yenye kilomita za mraba 361. Tulikodi viatu vya theluji, zile fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili uzito wa mtu usambae na asizame. Wenyeji wa asili wa nchi hii walivitumia muda mrefu kabla ya Wazungu kufika, wakivitengeneza kwa mti uliopindwa na kanda za ngozi. Siku hizi ni vya plastiki na aluminiamu, ila kanuni ni ile ile. Kutembea navyo hakuhitaji ustadi. Unatanua miguu kidogo, unakwenda polepole.

Msituni kulikuwa kimya kuliko ukimya niliozoea. Theluji mpya imejaa hewa, na hewa ile hunyonya sauti. Hata ndege akilia unahisi yuko chumba cha pili. Tulitembea sambamba, kila mtu akitazama mbele. Sijui ni muda gani ulipita kabla hajaanza kusema. Alisema kana kwamba anaendelea na habari aliyokwisha kuianza.

Alisema siku baba yake alipofariki yeye alikuwa Dar es Salaam. Alipigiwa simu alfajiri. Alitafuta basi, akavuka nchi nzima, akafika Buyenzi baada ya siku mbili. Mzee alikuwa ameshazikwa. Watu walikuwa wamekaa mkekani, wakampokea, wakampa maji, na kila mmoja akamwambia, "Sisi tumeshapoa, nawe jipe moyo." Neno lile akalichukua, akawa analitumia kila anapopigiwa simu. "Nilikuwa nawaambia watu tumeshapoa," akasema, "lakini mimi sikuwa nimeungua pamoja nao. Nilifika moto umeshazimwa."

Mwaka mzima nilidhani yeye alikuwa kaburini na mimi ndiye niliyekuwa mbali. Kwenye simu hatukuwa tumeulizana. Simu ina haraka yake: salamu, bando, mtandao unakatika, tutaongea. Swali kama "Ulikuwa wapi siku ile?" linahitaji njia ndefu na mtu asiyekutazama usoni.

Tulifika kwenye kibanda cha mbao ambamo wapita njia hupumzika. Ndani kuna jiko la kuni, mabenchi, na kamba za kuanikia glavu. Familia moja ilikuwa inakula supu upande wa pili; wakatusogezea nafasi karibu na moto. Tukavua kofia na glavu. Mvuke ukawa unapanda kutoka kwenye nguo zetu. Nikamshika mkono wa kulia kwa mikono yangu miwili, kama ambavyo ningefanya Buyenzi, nikampa pole ya baba yake. Sikuongeza lolote. Tukakaa hivyo kwa muda. Kisha akasema, "Sasa umefika." Akajifuta macho, akafungua chupa ya chai ya tangawizi aliyotupa mama mdogo, akanimiminia mimi kwanza.

Nimefikiri sana kwa nini jambo lile liliwezekana msituni na si sebuleni. Sebuleni tulikuwa wawili tuliokaa tukingoja maneno. Nje tulikuwa na kazi: kuangalia hatua, kupasha vidole joto, kuangaliana isije ncha ya pua ya mmoja ikaanza kuwa nyeupe kwa kuumwa na baridi. Baridi kali huwalazimisha watu kutunzana, na watu wanaotunzana husema wenyewe. Nyumbani kazi hiyo hufanywa na ziwa, na foleni ya bombani, na njia ya kwenda sokoni. Huku, kwa miezi minne au mitano ya mwaka, atakayeitafuta nje sharti avae buti.

Siku moja kabla ya kuondoka tulikwenda na watoto wa mama mdogo kwenye Winterlude, tamasha la majira ya baridi linalofanyika hapa kila Februari tangu mwaka 1979. Katika Jacques-Cartier Park, upande wa Gatineau, hujengwa vilima vya theluji vya kutelezea. Jioni, kwenye mlima mdogo karibu na kwetu, tukatoa tobogani, ubao mrefu uliokunjwa mbele, tukapanda wanne kwa pamoja. Neno hilo lilitoka katika lugha za wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada, likaingia Kifaransa, kisha Kiingereza. Mgeni wangu alipolisikia akasema Kiswahili kimeshapokea meza na shule, hakitashindwa na tobogani. Tulishuka tukipiga kelele, tukapinduka chini, theluji ikaingia shingoni mpaka mgongoni. Mtoto mdogo, ambaye kwa kawaida akiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kifaransa, akainuka na kupiga kelele: "Tena! Tena!"

Kituoni, akisubiri basi la kurudi Montreal, mgeni wangu aliniuliza kama akija mwaka mwingine ataikuta ile barafu. Nilimwambia sina uhakika. Majira ya baridi ya 2022 kwenda 2023 Mfereji wa Rideau haukufunguliwa kwa kuteleza hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ulipoanza, na mwaka uliofuata ulifunguliwa siku chache tu. Barafu ilikuwa nyembamba na laini kwa sababu ya joto na mvua. Baadaye ikarudi. Wazee wa hapa wanaizungumzia kama wavuvi wa kwetu wanavyozungumzia samaki: zamani ilikuja yenyewe, sasa unaiombea. Nikamwambia aje tu. Barafu isipokuwapo, msitu upo.

Ndugu msomaji, kama nawe unasoma mbali na kwenu na umepata mgeni, usimfungie sebuleni kwa kumwonea huruma. Mtafutie sufu, mfunike masikio, umtoe nje, na uwe na chai ya moto kwenye chupa. Wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu aondoke, Jumamosi asubuhi natoka na watoto wa mama mdogo kabla hawajawasha televisheni. Kwanza tunachota theluji kwa mkono na kuamua ni ya aina gani. Mkubwa husema ni unga, mdogo hubisha kwamba ni tope, na mabishano yao, kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika, huendelea mpaka mlimani.